Neno "Lakini" Baada ya Salamu



Kijana mmoja wa hapa Kagunga alitujia na swali. Akasema, "Mwalimu, mwatufundisha tusiseme uongo, na kila asubuhi twaambiana uongo. Mtu ameshikwa na homa usiku kucha. Akiulizwa hujambo, hujibu sijambo. Yawezekanaje basi kusema kweli siku zote na kwa watu wote?"

Swali hili si la kuchezewa. Twajibu kwamba sijambo ile si uongo, kwa kuwa anayeuliza na anayejibu wote wawili wajua kuwa ni mlango tu wa mazungumzo. Hata mwenye msiba huanza kwa kusema, "Njema." Kisha hunyamaza kidogo, akasema, "Lakini." Baada ya neno hilo ndipo kweli hutoka. Kadhalika mgeni aliyeandaliwa mgebuka wenye chumvi nyingi, akala akashukuru, hakumdhulumu mtu.

Hatari huja pale ambapo "lakini" haifuati.

Kumbukeni mwezi wa Mei 2015. Watu waliokimbia machafuko ya Burundi walimiminika katika kijiji chetu hiki, kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hata wakafika wapatao 50,000. Meli Liemba iliwachukua mamia kwa mamia mpaka Kigoma, wala hawakwisha upesi. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha ilitangazwa kwamba waliougua ni yapata 3,000, na waliokufa 31, wenyeji wawili miongoni mwao. Ugonjwa huu waweza kumwua mtu kwa saa chache, na dawa yake ya kwanza ni nyepesi: maji safi yaliyotiwa sukari na chumvi kwa kipimo. Lakini dalili yake ni kuhara, nasi twaona haya kulitaja jambo hilo mbele ya mkwe au jirani.

Sisi wenyewe tulishindwa na haya hiyo. Siku zile mtoto wetu alihara usiku. Asubuhi jirani akapiga hodi, akauliza, "Hamjambo humu?" Tukajibu, "Hatujambo," tukiogopa watu wasije wakatutenga. Akaomba maji, akanywa kwa kata ya mtungi wetu, akaenda zake. Siku tatu tulimtazama kwa hofu kila alipopita. Mtoto akapona, na jirani hakuugua. Lakini hilo halikuwa kwa wema wetu.

Mwishowe tulimwendea, tukamwambia yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mngaliniambia, ningaliwachemshia maji." Neno hilo lilituchoma kuliko matusi. Tuliogopa kutengwa, kumbe tulikuwa tumejitenga wenyewe.

Basi, kijana wetu, jibu letu ni hili. Si lazima kumwambia kila mtu kila lililo moyoni. Ila kabla hujanyamaza jiulize: hasara ya kunyamaza kwangu itampata nani? Ikiwa ni wewe peke yako, fuata adabu. Ikiwa ni mwenzio, sema "njema" ukipenda, ila usimwache aende zake kabla hujasema "lakini".

Kwaherini, mpaka mwezi ujao.