MKANDA UKITELEZA, ZIMA MASHINE

Ndugu wafanya kazi,

Kuna neno limeenea katika karakana zetu, ati fundi hodari hasimamishi mashine kwa ajili ya mkanda. Mimi ni mtu wa reli, kazi yangu ni kukereza vyuma, nami nasema neno hilo ni uongo, tena ni uongo unaokula vidole vya watu.

Nilipokwenda likizo nyumbani Nyanchwa, niliteremka mjini Kisii kumsalimu kijana wa jirani yetu. Anafanya kazi katika karakana moja, wanakereza shafti za mashine za kusagia mahindi. Mashine yao ya kukerezea ni kuukuu, ya mkanda bapa na puli za ngazi. Kisu kilipouma chuma, mkanda ukateleza na chuma kikasimama. Yule kijana akachukua kipande cha mti, akausukuma mkanda huku puli inazunguka. Kinga ya bati ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Nikamwambia, "Zima, kijana." Akanijibu, "Kaka, nikizima msimamizi atasema nimelala. Hapa tunalipwa kwa kipande."

Sikumlaumu, kwa maana nimeyaona hayo hayo kazini kwetu. Mwenzangu mmoja aliambiwa ausogeze mkanda upesi, kazi inangoja. Mkono wa shati ukanaswa na waya wa kiungo cha mkanda, vidole viwili vikaenda. Siku ya pili karatasi ikaandikwa: "Uzembe wa mfanya kazi." Yule aliyesema "upesi" hakuandikwa po pote.

Sasa tuutazame mkanda wenyewe, maana wakubwa hupenda kusema kwamba sisi hatujui kazi. Mkanda huteleza kwa sababu umerefuka, au umeingia mafuta, au umekauka, au kisu kimezamishwa mno. Kila sababu ina dawa yake, wala hakuna dawa hata moja inayotiwa puli ikizunguka. Mkanda bapa uliorefuka hukatwa kidogo ukaungwa tena, na ncha zake zikatwe mraba, usije ukakimbilia upande. Kuupaka lami ili ushike ni kuahirisha kazi tu.

Mkanda wa V nao una kipimo chake. Legeza boliti za mota, isogeze, hakikisha puli zimekaa katika mstari mmoja, kisha kaza. Ikiwa kati ya puli na puli ni inchi 32, ukiusukuma mkanda katikati kwa kidole uingie kama nusu inchi. Ukilegea zaidi utateleza na kuungua. Ukikazwa mno utakula beringi, na hasara ya beringi ni kubwa kuliko ya mkanda. Ukiona mkanda umegusa chini ya mfereji wa puli, huo umekwisha. Na kama mikanda ni mitatu, badilisha yote mitatu pamoja, kwa maana mmoja mpya kati ya wazee wawili utabeba mzigo wao wote.

Kazi hiyo yataka mashine iliyozimwa, swichi kuu iliyofungwa, spana, na dakika 20 au zaidi. Basi ugomvi wetu ni huo: dakika hizo ni za nani? Msimamizi asema ni zako, umezipoteza. Mimi nasema ni kazi kama kazi nyingine, nazo zilipwe.

Wengine watasema wazee wetu walifanya hivyo hivyo, mashine nyingi zikiendeshwa na shafti moja ya darini. Lakini hata wakati wa Waingereza, Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1951 ilitaka mitambo hiyo iwekewe kinga, na mkanda uhamishwe kwa chombo chake, si kwa mkono. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imeshika njia hiyo hiyo. Tena inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kuendelea mpaka hatari iondolewe.

Iko pia Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo 2007. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kisha kwa asilimia ya kiungo kilichopotea, na asilimia hizo zimepangwa katika jedwali. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Kidole chako kimekwisha andikiwa hesabu yake. Zile dakika 20 za kuzima mashine ndizo hazijaandikwa po pote.

Kwetu Nyanchwa, kilima cha misheni ya Wasabato, jua likitua Ijumaa jembe huwekwa chini, na mwenye jembe haitwi mvivu, kwa sababu watu wote wamekubaliana. Mmoja peke yake akiweka jembe chini angechekwa. Hali kadhalika karakana. Mmoja akizima, atafukuzwa. Tukizima wote kila mkanda unapoteleza, itakuwa ndiyo desturi ya kazi.

Kwa hiyo natoa shauri tawi letu lidai mambo matatu:

1. Muda wa kurekebisha mkanda uandikwe katika kadi ya kazi na ulipwe, hata kwa watu wa kipande.

2. Mashine isiyo na kinga isiwashwe, awe ameamuru nani.

3. Penye watu 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama. Kamati hiyo ikae, na ajali isiandikwe "uzembe" kabla haijauliza ni nani aliyesema "upesi".

Na wewe kijana wa Kisii, ukisoma haya, rudisha lile bati mahali pake. Msimamizi akiuliza, mwambie mkanda unarekebishwa.

Umoja ni nguvu.

Fundi wa kukereza, mtu wa Nyanchwa