Picha Yangu, Mbona Sina?

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Kutazama si kosa. Lakini siku hizi jicho limepewa simu, na hapo ndipo nina neno.

Pita soko la Kitale utajionea. Kijana anajifanya anasoma ujumbe, kumbe anampiga picha mzee aliyesinzia juu ya gunia la mahindi. Shuka Kanduyi, pale Bungoma, utingo anazozana na abiria. Mara simu kumi ziko juu! Jioni picha zimefika hadi Mombasa, watu wanavunjika mbavu. Mwenye sura hana habari.

Wazazi wetu wanawakumbuka wapiga picha wa mtaani wa miaka ya themanini na tisini. Alikuja na kamera shingoni, ukakubali, ukavaa shati safi, ukasimama wima, ukalipa. Baada ya siku kadhaa alikuletea picha yako mkononi. Picha ilikuwa na mwenyewe. Leo mwenyewe ndiye wa mwisho kuiona, tena akionyeshwa na wanaomcheka.

Wapo watakaonipinga: bila picha za watu tusiowajua, dunia ingejuaje shida zao? Hoja hiyo ina uzito. Mkenya Mohamed Amin alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984, na dunia ikaamka ikatoa misaada. Lakini Amin alionyesha wenye njaa ili walishwe. Sisi tunamwonyesha mlevi aliyelala mtaroni ili iweje? Na yule mama mboga anayepangusa jasho, pengine anatafuta karo ya mwenzako wa dawati moja. Utamtazamaje mwenzako huyo darasani?

Sheria nayo haijalala. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwezi wa Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule, jamani! Si gazeti la udaku.

Basi nasi tunaotayarisha jarida hili tuanze nyumbani. Chama kikitoka safari, mwenye kamera aamkie kwanza: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha." Akikataa, tushukuru twende zetu. Akikubali, tumpelekee nakala. Najua mtasema mtu akishaombwa anajikausha, picha inakosa ladha. Sawa, ngojea. Ongea naye, nunua hata ndizi mbili. Akizoea atacheka mwenyewe, na kicheko hicho hakitakuwa cha wizi.

Uungwana ni vitendo. Simu ni yako, lakini uso ni wake.