Bandu Bandu Huisha Gogo

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini-magharibi, liko jimbo liitwalo Arizona. Humo mna jangwa ambalo vilima vyake vina rangi nyingi kama kanga zilizoanikwa: hapa nyekundu, hapa kijivu, hapa samawati, hapa nyeupe. Na chini ya vilima hivyo yamelala magogo makubwa. Ukiyatazama kwa mbali utasema ni miti iliyokatwa jana. Ukiyagusa utaona ni mawe matupu.

Je, mti hugeukaje kuwa jiwe? Zamani sana, zaidi ya miaka 200,000,000 iliyopita, nchi ile haikuwa jangwa, bali ilikuwa na mito na misitu. Miti ilianguka, ikachukuliwa na maji, ikafukiwa kwa matope na majivu ya volkeno kabla haijaoza. Maji yaliyopenya ardhini yalichukua madini, yaani asili ile ile ya mchanga na kioo, yakayaingiza ndani ya mti kidogo kidogo, hata jiwe likashika mahali pa mti. Chuma kikatia rangi nyekundu na manjano.

Basi reli ilipofika pande zile katika miaka ya 1880, watu walianza kuyachukua mawe hayo kwa magari ya kukokotwa. Wengine waliyapasua magogo kwa baruti, wakitafuta vito vilivyomo. Wenyeji walipoona uharibifu huo, waliiomba serikali iyalinde. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliitenga nchi ile, na mwaka 1962 ikawa hifadhi ya taifa. Sheria yakataza mgeni kuondoa hata kipande kimoja.

Wako wasemao, “Sheria hii ni kali mno. Magogo ni mengi; kijiwe kimoja mfukoni mwangu kitapunguza nini?” Mimi naona maneno hayo si ya haki. Wageni wafikao huko kila mwaka ni mamia ya maelfu. Kila mmoja akisema vivyo hivyo, watakaokuja baadaye wataona nini? Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Na gogo hili likiisha halioti tena. Tena, mwenye kutaka jiwe la namna hiyo hakosi njia, kwa kuwa nje ya hifadhi wako wafanya biashara wauzao mawe yaliyotoka katika mashamba ya watu. Anunue, asiibe.

Liko jambo jingine la kufikiri. Baadhi ya walioiba hawapati raha nyumbani kwao. Baada ya miezi, au miaka, huyarudisha mawe kwa posta pamoja na barua ya kuomba radhi. Kurudisha ni kwema. Lakini walinzi hawawezi kuyaweka yalipokuwa, kwa maana hakuna ajuaye yalikotolewa. Wakiyaweka po pote, watawapoteza wataalamu wachunguzao mambo ya kale, ambao hujifunza kwa kulitazama jiwe na mahali lilipolala. Kwa hiyo mawe hayo hurundikwa chungu moja kando ya njia. Yamerudi katika nchi yake, wala hayakurudi mahali pake. Majuto ni mjukuu.

Je, yafaa basi kuwafungia watu mlango wasiingie? La, sioni hivyo. Asiyekiona kitu hakijali. Na waende, watembee, waulize, wastaajabu; kisha watoke mikono mitupu na kichwa kimejaa.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapofika penye jambo la kale, kama pango lenye michoro au magofu ya mji, na mkono ukawashwa kuchukua kidogo, jiulizeni: “Aliyenitangulia angalichukua kidogo, ningalikuta nini?” Kitu kilichongoja miaka mingi hivyo kisipotee kwa mkono wako.