Namba ya drafti hainunui dakika: alichotufunza Hasheem Thabeet

Kijana akirefuka kupita wenzake, maneno huanza. Huku Kanyakine, Imenti Kusini, ninakoishi kwa sababu ya kazi, nimeyasikia vilevile nilivyokuwa nikiyasikia Mombasa: mtieni mpira wa kikapu, atapata shule ya bure, atakwenda Marekani, atawatoa kwenye shida. Mzazi wa huku mwenye kahawa kidogo na migomba ana kila sababu ya kusikiliza, kama alivyo mzazi wa kwetu mwenye ngalawa moja. Karo ni nzito. Lakini katika mazungumzo hayo yote kuna swali moja ambalo halisikiki: akishafika huko, atacheza?

Swali hilo limerudi kwa sababu ya Khaman Maluach. Kijana huyu alizaliwa Sudan Kusini, akalelewa Uganda, na mpira wa kikapu aliuanza mwaka 2019 tu. Miaka mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa Paris akiiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki. Akasoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA, akaishia Phoenix Suns. Tulishangilia. Ila usiku huohuo Phoenix walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte, naye anacheza nafasi ileile ya kati. Msimu ulipofunguliwa, Williams ndiye aliyeanza, na Maluach akawa mtu wa kuingia kwa dakika chache. Sasa nawasikia watu wakiuliza: ameonewa, au hafai?

Kabla ya kujibu, tumkumbuke Hasheem Thabeet, kwani njia hii aliipita kabla yake, na aliipita akiwa amebeba mzigo mzito zaidi.

Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akapita shule ya Makongo, kisha Laiser Hill hapa Kenya, kabla ya kuvuka kwenda Houston kumaliza sekondari. Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, kilimfanya jina kubwa. Urefu wake ni mita 2.21, na katika msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Tarehe 25 Juni mwaka huo Memphis Grizzlies walimchagua wa 2, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Walioitwa baada yake ni pamoja na James Harden, wa 3, na Stephen Curry, wa 7.

Kisha msimu ukaanza. Alicheza mechi 68, dakika 13 kwa wastani, pointi 3.1. Februari 2010 Memphis wakamshusha kwenda Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile ambaye alikuwa amewahi kushushwa. Mwaka uliofuata aliuzwa Houston, kisha Portland, kisha akasajiliwa na Oklahoma City. Kwa jumla alicheza mechi 224 za NBA, wastani wa pointi 2.2. Kwa fedha hakurudi mikono mitupu. Kwa jina, hadi leo wako wanaomtaja kwa dhihaka kila Curry akifunga.

Wengi husema alikuwa mvivu au hakuwa na kipaji. Mimi naona sababu nyingine, nazo ziko wazi.

Ya kwanza ni nafasi. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, ambaye msimu ule alicheza karibu dakika 36 kila mechi, na Zach Randolph, aliyefika kiangazi kilekile. Gasol alikuwa amechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Namba 48 alikuwa ndani, namba 2 kwenye benchi. Kocha anayetaka kushinda leo usiku haangalii namba uliyoitwa nayo. Huangalia nani anajua asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili.

Ya pili ni miaka. Chuoni, urefu wa Thabeet ulitosha: alisimama karibu na kikapu na watu wakaogopa. NBA kila mpinzani wa nafasi yake ni jitu, tena jitu lililocheza tangu utotoni. Pale chini ya kikapu hushinda mwenye kukunja magoti na kuweka mwili wake chini ya mwili wa mwenzake. Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mtu wa mita 2.21 hilo ni funzo la miaka. Yeye alikuwa na miaka saba tu ya mpira. Akisukumwa alichelewa, akichelewa alifanya madhambi, akifanya madhambi alitolewa. Na mchezaji asiyecheza hajifunzi, kwa hiyo kesho yake hachezi tena.

Ya tatu ni hiyo namba yenyewe. Aliyechaguliwa wa 48 akikosea, husemwa bado anajifunza. Wa 2 akikosea, husemwa ni hasara. Naamini Thabeet angechaguliwa wa 20, na timu isiyo na haraka, tungemzungumza leo kama mchezaji wa kawaida aliyedumu.

Atatokea mtu aniambie, mbona Dikembe Mutombo naye alichelewa kuanza? Ni kweli, mtoto wa Kinshasa huyo alikwenda Marekani akiwa mtu mzima. Lakini alikaa Georgetown miaka minne, na Denver walipomchagua wa 4 mwaka 1991 alikuwa na miaka 25 na mlango ulikuwa wazi. Akacheza tangu siku ya kwanza, na msimu wake wa kwanza tu akaingia timu ya nyota.

Basi Maluach hajaonewa, wala hatuna haki ya kusema hafai. Alianza msimu wake wa kwanza NBA akiwa na miaka 19. Kukaa nyuma ya Williams, au kushushwa ligi ya chini akacheze dakika nyingi, kwake yeye ni shule, ikiwa klabu itamvumilia. Cha kutazama ni kama dakika zinaongezeka mwaka hadi mwaka.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mzazi wa Kanyakine na wa Kilifi. Huhitaji NBA kuliona: hata shule ya sekondari inayokusanya vijana warefu kutoka kila kaunti itakuwa na wanne wa nafasi moja, na watatu watakaa. Mtu akija na ahadi ya shule ya bure, muulizeni maswali ya kawaida. Wangapi wanacheza nafasi yake? Nani atamfundisha, kwa saa ngapi? Akiumia goti, nani analipa hospitali? Asipoingia timu, ataendelea kusoma au atafungishwa virago? Mwenye nia njema atajibu bila kukasirika. Anayekwepa, mrudishieni chai yake na mumsindikize hadi stejini.

Na sisi mashabiki tuna deni. Siku ya kuitwa jina tunajaa kama uwanja wa Maulidi, msimu wa benchi hatuonekani. Thabeet alihitaji watu mwaka 2010 kuliko alivyotuhitaji mwaka 2009.