Kifafa, Kiharusi na Kutetemeka: Funzo la Wilaya ya Hai kwa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Tangu mwaka 1971, wananchi wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro wamekuwa na Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, ambayo leo inahudumia Kanda ya Kaskazini. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika katika Wilaya jirani ya Hai zinathibitisha kuwa kuishi karibu na hospitali kubwa ni jambo moja, na ugonjwa kutambuliwa ni jambo jingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wakazi 161,071 wa wilaya hiyo. Ulibaini watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, unaosababisha mwili kutetemeka, kukakamaa na kuwa mzito wa kutembea. Zaidi ya robo tatu yao ugonjwa wao haukuwa umewahi kutambuliwa, hivyo hawakuwa wakipata tiba. Utafiti mwingine wilayani humo ulionesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa.

Wagonjwa hao hawakugundulika kwa mashine ya gharama kubwa. Walianza kupatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali mepesi, kisha waliotiliwa shaka wakachunguzwa na madaktari. Hai ilikuwa na uzoefu wa kazi hiyo, kwa kuwa tangu mwaka 1992 ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi uliofuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima nchini.

Funzo hilo lina uzito wa pekee sasa. Januari 31, 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, ukilenga kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kazi iliyofanywa Hai kwa ajili ya utafiti inaweza kuwa huduma ya kila siku katika kila kitongoji, ikiwa wahudumu hao watajua dalili za kuulizia na mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Dalili zenyewe si ngumu kuzitambua. Mzee anayetetemeka mkono akiwa ametulia na kutembea kwa hatua fupi za kuburuza asidhaniwe kuwa amezeeka tu. Zipo dawa zinazoweza kumrudishia uwezo wa kujilisha na kutembea. Hilo ni muhimu hasa katika vihamba ambako vijana wamehamia mijini na wazee wamebaki peke yao.

Kwa kifafa, daktari hutegemea zaidi maelezo ya aliyemshuhudia mgonjwa akianguka: ilianzaje, ilichukua muda gani, na mgonjwa alikuwaje alipozinduka. Kwa hiyo ndugu aliyeshuhudia aambatane na mgonjwa kliniki. Mgonjwa anapoanguka, aondolewe karibu na moto au maji, alazwe ubavu na asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Hali hiyo ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali mara moja. Povu lake haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na dawa kama fenobabitoni ni ya bei nafuu. Jambo la hatari ni kuiacha ghafla baada ya kupata nafuu.

Kiharusi nacho hakisubiri. Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kutosikika vizuri kwa ghafla ni dharura. Ufuatiliaji wa miaka mitatu Hai na Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2003, ulirekodi matukio 636 ya kiharusi. Kinga yake kubwa ni kupima shinikizo la damu na kutumia dawa bila kukatiza, kazi inayowezekana hata katika zahanati ya kijiji.

Pamoja na hayo, kumgundua mgonjwa bila kumpatia dawa ni kumwongezea huzuni. Mhudumu akimshawishi mama wa Machame kumtoa mwanawe aliyefichwa ndani kwa sababu ya kifafa, kisha zahanati ikakosa dawa mwezi wa pili, familia hiyo itarudi kwa mganga wa jadi na haitashawishika tena kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya mpango huu yatapimwa pia kwa upatikanaji endelevu wa dawa, na kwa namna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakavyomwondolea mwananchi mzigo wa kulipia tiba ya maisha yote.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mhudumu wa afya akibisha hodi, aelezwe bila kufichwa ni nani ndani ya nyumba anaanguka, anatetemeka au amepooza. Kwa wagonjwa wengi wa Hai, tiba ilianzia kwenye jibu la swali hilo.