Place des Vosges ya Paris: Waandishi waliingia matajiri walipotoka

Mtu anayetembelea Paris leo akifika Place des Vosges, anaonyeshwa kwanza nyumba ya namba 6. Ndani yake, kwenye etaji ya pili, Victor Hugo alikaa na familia yake kuanzia 1832 mpaka 1848. Hapo aliandika Ruy Blas, na hapo alianza kitabu ambacho baadaye kiliitwa Les Misérables. Jambo moja wageni wengi hawalifikirii: Hugo hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji.

Uwanja huu ulijengwa kwa amri ya mfalme Henri IV, ukafunguliwa 1612 kwa jina la Place Royale. Ni mraba wa mita 140 kila upande, nyumba 36 za matofali mekundu, na chini yake baraza ambazo mtu anazunguka bila kunyeshewa mvua. Wakuu wa ufalme walikaa hapo, hata Kardinali Richelieu. Lakini wakuu wanafuata mfalme. Ufalme ulipohamia Versailles, na mitaa mipya ilipojengwa upande wa magharibi wa mji, matajiri waliondoka pole pole. Mapinduzi ya 1789 yalimaliza kazi. Hata jina lilibadilika: mwaka wa 1800 uwanja uliitwa Vosges, kwa heshima ya jimbo lililotangulia mengine kulipa kodi ya serikali. (Magavana wetu wasome hapo.)

Kwa hiyo Hugo alipohamia, mtaa huu wa Marais ulikuwa umekwisha kushuka. Mwandishi kijana mwenye watoto wanne aliweza kupata hapo nafasi kubwa, na Théophile Gautier alikuwa jirani yake, namba 8. Miaka ilivyopita, majumba ya wakuu yaligawanywa vyumba vyumba. Mafundi wa shaba, washonaji na Wayahudi waliokimbia mateso ya Ulaya ya mashariki walijaa mitaa ya karibu.

Miaka ya 1920 akaingia mpangaji mwingine, kijana wa Ubelgiji, Georges Simenon, katika namba 21. Huyu anatuhusu sisi zaidi. Mwaka wa 1932, akiwa amekwisha kujulikana kwa hadithi za polisi Maigret, alisafiri kupitia Misri na Sudan akaingia Kongo ya Wabelgiji, mpaka Matadi ambako ndugu yake Christian alifanya kazi. Aliporudi aliandika katika gazeti la Voilà makala makali juu ya maisha ya wakoloni. Mwaka huo huo pia alitoa hadithi ya Maigret ambayo mauaji yake yanatokea Place des Vosges kwenyewe: ofisi za biashara uani, wapangaji wanaochunguzana kwenye ngazi. Si picha ya mtaa wa matajiri.

Mambo yaligeuka 1962. Sheria ya waziri André Malraux, ambaye naye alikuwa mwandishi, ilikataza kubomoa ovyo mitaa ya zamani, na Marais ikawa kati ya mitaa ya kwanza kulindwa. Kuta ziliokoka, na hilo ni jambo jema sana. Lakini karakana zilizojazana uani ziliondolewa, nyumba zikatengenezwa, bei zikapanda, na mafundi wakaenda. Kuta zilikuwa na sheria ya kuzilinda. Wapangaji hawakuwa nayo ya kutosha. Leo ni moja ya sehemu za bei kali kabisa katika Paris, na jina la Hugo linasaidia kuuza.

Mji wenyewe umepungua. Mwaka wa 1921 Paris ilikuwa na wakaaji karibu milioni 2.9, sasa ni karibu milioni 2.1. Viongozi wanajaribu kushika breki. Tangu 2019 kuna kikomo cha pesa ya kupanga nyumba, na tangu Januari 2025 mtu hawezi kupangishia watalii nyumba anayokaa zaidi ya siku 90 kwa mwaka, badala ya 120. Hatua hizo zinamsaidia aliyekwisha kuwa ndani. Bei ya kununua hazigusi.

Kwenye namba 6 sasa kuna makumbusho ya Hugo, tangu 1903, na kutazama vyumba vyake hakulipishwi. Kijana kama Simenon, aliyetoka Liège bila jina, angeweza leo kuingia humo bure mchana kutwa. Jioni angepanda metro kurudi mbali, nje ya mji.