Afadhali huduma isimame kuliko rekodi yako ipotee

Angalia salio lako sasa hivi. Tuseme inasoma shilingi 3,450. Hizo pesa haziko ndani ya simu, na haziko kwenye laini pia. Ukiibiwa simu leo na kurudisha laini kesho, salio utalikuta. Pesa zenyewe zimewekwa benki, katika akaunti ya amana inayoshikilia pesa za wateja wote kwa pamoja. Kinachosema kwamba 3,450 kati ya hizo ni zako na si za jirani yako ni maandishi kwenye diski, ndani ya chumba chenye baridi na kelele za feni ambapo mteja hafiki.

Ndiyo maana nina msimamo ambao hautampendeza mtu aliyesimama kwa kaunta ya supamaketi na foleni nyuma yake: hifadhi ya data ikiwa na shida, kampuni ya malipo inafaa ikatae muamala wako kuliko kuupokea bila uhakika kwamba umeandikwa. Sistimu ikiwa chini kwa nusu saa, sote tunakasirika, kisha inarudi. Rekodi ikipotea, hasira ni ya mtu mmoja tu, na ni yeye atakayezunguka akijaribu kuthibitisha kwamba alilipa.

Wengi hudhani kila kompyuta kubwa ya kampuni, yaani seva, ina diski yake na salio lako limeandikwa humo. Ingekuwa hivyo, siku hiyo seva inazima, daftari limefungiwa ndani, na seva zingine kumi zilizo hai haziwezi kulisoma. Kwa hivyo vituo vya data vya biashara kubwa huziweka diski kando, nyingi pamoja kwenye makabati yake, na seva zote huzifikia kupitia mtandao wa ndani uliotengwa kwa kazi hiyo pekee. Seva moja ikifa, nyingine inachukua kazi na kuendelea kuandika kwenye daftari lile lile. Wewe huoni kitu, labda sekunde chache za kungoja.

Diski nazo hufa, na hakuna fundi anayeshtuka zikifa. Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza namna ya kutumia diski nyingi za bei nafuu kwa pamoja badala ya moja kubwa ya bei ghali. Data hugawanywa kati yao, na hesabu za ziada huwekwa pamoja nayo, ili diski moja ikiharibika zilizobaki ziweze kuijenga upya. Wazo hilo limeenea kila mahali. Fundi huchomoa diski mbovu na kuchomeka mpya huku watu wakiendelea kulipa nauli. Halafu kuna betri. Mifumo mingi ya hifadhi hupokea maandishi kwanza kwenye kumbukumbu ya kasi kabla ya kuyashusha kwenye diski. Stima ikipotea ghafla, betri ndiyo inayoyalinda maandishi hayo. Kwa nchi iliyoingia gizani karibu yote usiku wa Agosti 25, 2023, hiyo betri si pambo.

Sasa, hata kabati liwe zuri vipi, liko ndani ya jengo moja, na jengo linaweza kuungua. Lazima kuwe na jengo la pili lenye maandishi yale yale. Liwe wapi? Hapo ndipo umbali unaingia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, seva zake zilikuwa Ulaya, na hazikuhamishiwa Kenya mpaka 2015. Yaani mtu wa Kawangware akimtumia jirani yake mia mbili, hesabu ilifanyiwa Ulaya. Ilifanya kazi, lakini njia ilikuwa ndefu, na kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na nje yalitegemea setilaiti.

Umbali una gharama hata ndani ya nchi. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5. Utasema hiyo si kitu. Lakini ukituma pesa, kuna maandishi kadhaa: kwako zimetoka, kwake zimeingia, ada imekatwa, kumbukumbu imewekwa. Zidisha hiyo kwa watu wote wanaolipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu kampuni nyingi huweka kituo cha pili karibu, na kuandika pande zote mbili kabla ya kukujibu, kisha cha tatu mbali, ambacho hupokea nakala ikiwa imechelewa kidogo. Kile cha karibu hakikosi rekodi hata moja, ila kinaweza kukumbwa na mafuriko au giza pamoja na ndugu yake. Kile cha mbali kiko salama, ila kinaweza kukosa sekunde za mwisho.

Na waya kati ya vituo viwili ukikatika? Hapo kampuni inachagua: kuendelea na kituo kimoja na kuomba Mungu, au kusimama kwanza. Najua hoja ya wanaosema iendelee. Kuna mtu yuko kwenye mlango wa hospitali akitakiwa kulipa, kuna boda boda hana mafuta. Ni hoja nzito na siidharau. Bado nasema kusimama kwa dakika chache kuna heshima zaidi kuliko kukutumia SMS ya "imethibitishwa" juu ya rekodi iliyo mahali pamoja tu.

Kuna jambo lingine ambalo hata watu wa biashara huchanganya. Kuwa na vituo viwili vinavyoandika sawasawa si sawa na kuwa na nakala ya akiba, ile mafundi huita bakapu. Mtu akifuta kitu kimakosa, kinafutika pande zote mbili, haraka na kwa uaminifu. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva ambayo hakukusudia. Walipotafuta bakapu, njia kadhaa walizokuwa wamezipanga hazikuwa zikifanya kazi inavyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma, na yaliyoandikwa kati hapo yakapotea. Machi 10, 2021, jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa pale pale.

Kwa hivyo ukiona ujumbe wa "matengenezo ya mfumo" usiku wa Jumapili, huenda ni mafundi wanajaribu kama kituo cha pili kinaweza kubeba kazi peke yake. Mimi ningependa kampuni za malipo ziseme hivyo waziwazi: leo tunajaribu kurejesha data, kesho tutawaambia ilichukua muda gani. Mteja anayeambiwa sababu huvumilia zaidi ya anayeambiwa "samahani kwa usumbufu".

Nawe una sehemu yako. Malipo yakikwama, usitume tena papo hapo. Inawezekana ombi lako limeshaandikwa na kilichochelewa ni SMS tu; ukirudia, mfumo unaona malipo mawili, maana hauwezi kujua kama umekusudia au umekosa subira. Angalia salio kwanza, kisha taarifa ya miamala. Na wewe mwenye duka, usitoe mzigo kwa picha ya SMS iliyo kwenye simu ya mteja. Ngoja iingie kwako.

Tukiwa kwa duka hapo, wafanyabiashara wa jumla siku hizi wananunua kile kisanduku kidogo chenye diski mbili, kinachounganishwa na mtandao wa ofisi ili kompyuta zote zihifadhi humo. Ni kitu kizuri. Diski moja ikifa, nyingine inashika. Lakini kisanduku kikiwa chini ya meza, karibu na kompyuta zenyewe, mwizi anabeba vyote kwa safari moja, na moto hauchagui. Uliza waliowahi kuuza Gikomba. Weka nakala moja nyumbani au kwenye hifadhi ya mtandaoni, isasishwe angalau kila wiki. Kisha Ijumaa moja jioni, ukishafunga hesabu, ifungue hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine kabisa uone kama majina ya wadaiwa wako yanasomeka.